Somo la Mwezi: Kabla Hamjabadilisha Prosesa na Ubao Mama wa Kompyuta ya Kikundi



Vikundi viwili vya hapa Butali vimeniomba nieleze jambo hili. Kompyuta zetu nyingi ni za mezani, na zilitumika katika ofisi za watu wengine kabla ya kutufikia sisi. Ndizo zinazotunza hesabu ya akiba, zinaandika barua kwa chifu na kwa kaunti, na zinawasaidia watoto wetu kujifunza kuchapa. Sasa zimezeeka. Unaiwasha, unaenda kuteka maji, unarudi bado inazunguka tu. Na kila anayepita anatuambia, "Badilisheni prosesa!"

Je, ni kweli? Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli. Wacha nianze na kile kilichotupata, ili mwingine asirudie.

1. YALIYOTUPATA

Kuna kikundi cha akina mama ambacho huwa nakitembelea kila mwezi. Kompyuta yao inatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya bure ya usalama kama ilivyozoeleka. Katibu, kijana mwenye bidii, akamwendea mama mweka hazina.

"Mama, Windows 11 inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yetu ni ya kizazi cha 6."

"Sasa hiyo prosesa ni pesa ngapi, mwanangu?"

"Si nyingi, mama. Tena nimeambiwa soketi ni ile ile, 1151. Tunatoa hii, tunaweka ile, tumemaliza."

Pesa ikatolewa katika meri-go-raundi. Mama ambaye zamu yake ilikuwa mwezi ule alikubali kungoja, ingawa alikuwa amepangia pesa hizo karo ya shule. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale mkutanoni, na sikuuliza swali hata moja. Nakiri kosa hilo.

Prosesa ilinunuliwa katika duka moja mjini. Iliingia vizuri, kifuniko kikafunga. Tukawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Tukajaribu tena, nyeusi. Tuliporudi dukani tulionyeshwa maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtoto wa yule mama alikaa nyumbani wiki mbili.

2. KWA NINI ILIKATAA?

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Ubao mama, ambao mafundi huuita mathabodi, ni ule ubao mkubwa ambao prosesa, kumbukumbu, diski na nyaya zote hushikamana nao. Prosesa haifanyi kazi na ubao wowote tu.

Fikirieni posho mili. Ukinunua injini kubwa, utaangalia pia mkanda, puli na msingi wa simiti. Injini inaweza kukaa vizuri juu ya msingi, lakini puli isipolingana hakuna unga. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Soketi ya kizazi cha 6 na cha 7 inaitwa 1151. Ya kizazi cha 8 na cha 9 nayo inaitwa 1151. Jina ni moja, umbo ni moja, lakini Intel iliibadilisha mipango ya umeme na ya ubao. Prosesa ya kizazi cha 8 inataka ubao wenye alama kama H310 au B360. Wetu ulikuwa H110. Kumbe kijana hakudanganya aliposema soketi ni ile ile. Hakuuliza tu swali la pili.

Kwa hiyo shikeni hili: prosesa na ubao mama ni mume na mke. Na ukishaoa, wakwe wanafuata. Ukibadilisha ubao mama, huenda ukalazimika kubadilisha pia:

(a) Kumbukumbu, yaani RAM. RAM ya aina ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, wala DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5.

(b) Pawa saplai na kasha. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zina ubao wa umbo lao wenyewe, na plagi ya umeme ya kwao wenyewe. Ubao wa kawaida wa dukani haukai ndani yake.

(c) Ruhusa ya Windows. Mara nyingi ile iliyokuja na kompyuta imefungwa kwa ubao wake. Ukiweka ubao mwingine, Windows inaweza kudai inunuliwe upya.

(d) Picha. Baadhi ya prosesa hazitoi picha zenyewe. Zile za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, zinahitaji kadi ya picha. Usipokuwa nayo, skrini ni nyeusi.

Jumlisheni mahari yote kabla ya kukubali ndoa.

3. JINSI YA KUTAMBUA KIZAZI

Angalieni nambari ya prosesa ya Intel. Katika i5-3470, ile 3 ya mbele ni kizazi cha 3. Katika i5-8400 ni cha 8. Katika i5-10400 ni cha 10. Kisha linganisheni na orodha hii:

Kizazi cha 2 na cha 3 (2011 na 2012): soketi 1155, RAM ya DDR3.
Kizazi cha 4 (2013): soketi 1150, RAM ya DDR3.
Kizazi cha 6 na cha 7 (2015 na 2017): soketi 1151, mara nyingi DDR4.
Kizazi cha 8 na cha 9 (2017 na 2018): soketi 1151 lakini ubao mwingine, DDR4.
Kizazi cha 10 na cha 11 (2020 na 2021): soketi 1200, DDR4.
Kizazi cha 12 hadi cha 14 (kuanzia 2021): soketi 1700, DDR4 au DDR5 kulingana na ubao.

Kwa upande wa AMD, Ryzen nyingi tangu 2017 hutumia soketi ya AM4 na DDR4. Soketi ya AM5 ilitoka 2022 na hutumia DDR5 peke yake.

Ili kujua mlicho nacho bila kufungua kasha, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni msinfo32, kisha bonyezeni Enter. Mtaona jina la prosesa na la ubao mama. Yaandikeni katika daftari la kikundi, si kwenye kiganja.

4. MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA PESA

Swali la kwanza: Tunataka kompyuta ifanye kazi gani? Kuandika barua, kutunza hesabu na kufungua eCitizen hakuhitaji prosesa kubwa. Kutengeneza video za harusi ni jambo lingine.

Swali la pili: Ni nini hasa kinachoichelewesha? Iwasheni, fungueni kazi zenu za kawaida, halafu bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja. Mtaona prosesa, kumbukumbu na diski zikionyeshwa kwa asilimia. Kama prosesa iko chini na diski imekaa kwenye asilimia 100, basi mchovu ni diski. Prosesa mpya haitasaidia. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka. Diski ya SSD haizunguki, na husoma kwa kasi zaidi sana. Kama kumbukumbu ndiyo imejaa, ongezeni RAM.

Swali la tatu: Orodha nzima ni pesa ngapi? Andikeni prosesa, ubao, RAM, pawa saplai, kasha na kazi ya fundi. Kisha ulizeni bei ya kompyuta nzima iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi. Mara nyingi nzima inakuwa rahisi kuliko vipande. Kuuliza si ujinga.

Baada ya kujiuliza hivi, kile kikundi cha akina mama kilirudisha prosesa yake ya zamani. Waliongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8, wakanunua diski ya SSD, na badala ya Windows wakaweka Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambazo hazilipiwi na zinaendelea kupewa marekebisho ya usalama. Siku za kwanza walilalamika kwamba vitufe havipo mahali walipozoea. Sasa hesabu ya akiba inafunguka kabla chai haijapoa. Ile prosesa ya kizazi cha 8 waliiuza kwa hasara, na pesa iliyopatikana wakampa kwanza yule mama aliyengoja.

5. NI LINI INAFAA KUBADILISHA?

Inafaa katika hali tatu.

Ya kwanza, mkipata prosesa yenye nguvu zaidi ambayo ubao mlio nao unaikubali, kwa mfano kutoka i3-6100 kwenda i5-6500. Ubao unabaki. Lakini jueni kwamba hiyo bado haifiki Windows 11.

Ya pili, ubao umekufa na mmepata mwingine wa modeli ile ile hasa.

Ya tatu, kasha na pawa saplai ni za kawaida na bado nzima, na hesabu ya vipande imeshuka chini ya bei ya kompyuta nzima.

6. HATUA ZA KAZI

Mkiamua, fanyeni hivi, au simameni karibu na fundi mkiangalia.

Moja: Hifadhini nakala ya hesabu zote kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa katibu, moja kwa mweka hazina.

Mbili: Kama prosesa ni mpya kuliko ubao, angalieni kama BIOS ya ubao inahitaji kusasishwa kwanza, wakati prosesa ya zamani bado imo. Umeme usikatike katikati ya kazi hiyo. Sisi wa Kakamega tunajua radi za alasiri, fanyeni asubuhi.

Tatu: Zimeni, chomoeni waya ukutani, mbonyeze kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika ubao. Msifungue pawa saplai yenyewe kamwe. Ndani yake hubaki umeme wa kuumiza.

Nne: Pigeni picha ya nyaya zote kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Tano: Toeni feni na bamba la kupoza, kisha inueni mkono wa soketi na kutoa prosesa. Kwa Intel, vijipini viko ndani ya soketi. Kwa AMD ya AM4, viko chini ya prosesa. Kikipinda kimoja, hasara.

Sita: Linganisheni alama ya pembe tatu ya prosesa na ile ya soketi. Ilazeni, msiisukume. Ikikataa kuingia, simameni muulize.

Saba: Futeni pesti ya zamani, mpake mpya kiasi cha punje ya njegere, mrudishe bamba na feni. Hakikisheni waya wa feni umechomekwa. Bila feni prosesa huchemka, na kompyuta hujizima.

Nane: Kama mnabadilisha ubao, hakikisheni nguzo ndogo zilizo chini yake zinalingana na matundu yake. Chomekeni plagi kubwa ya umeme, na ile ndogo iliyo karibu na prosesa. Hiyo ndogo husahauliwa sana.

7. PESA NA VIPANDE VYA ZAMANI

Pesa ya kikundi isitoke kwa maneno ya mtu mmoja, hata akiwa msomi. Ulizeni bei katika maduka matatu. Waende watu wawili, wakiwa na daftari lenye jina la ubao. Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti: "Isipofanya kazi na ubao huu, nitarudisha pesa." Akikataa kuandika, msilipe. Ni hatua ndogo, lakini ingetuokoa sisi.

Vipande vya zamani msivitupe shambani wala msivichome. Mbao za kompyuta za zamani zina risasi katika lehemu, na moshi wake ni sumu kwa watoto. Viuzeni kwa fundi anayevihitaji, au viwekeni katika katoni mpaka vifike kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nani katika kikundi chetu anajua kompyuta yetu ni ya kizazi gani? Kama hakuna, nani ataangalia kabla ya mkutano ujao?
2. Mara ya mwisho tulipotoa pesa ya kikundi kununua kitu, nani aliuliza maswali, na nani alinyamaza? Kwa nini alinyamaza?
3. Zamu ya mwanachama ikiahirishwa kwa ajili ya kununua kifaa, tutamlinda namna gani?
4. Nakala ya hesabu zetu iko wapi leo?

Swali la nne lijibiwe kabla hamjaondoka mkutanoni.