Kumtambulishia Msafiri Nchi: Pwani ya Malindi na Kilifi katika Maandishi ya Kiswahili

Utangulizi

Yapo maandishi ambayo husomwa na watu wengi lakini hayahesabiwi katika fasihi wala katika isimu. Miongoni mwake ni maandishi ya kumtambulishia nchi msafiri ambaye bado hajafika: vijitabu vya hotelini, kurasa za majarida ya ndege, miongozo ya safari. Kuhusu Kenya, mengi ya maandishi haya yametungwa kwa Kiingereza, Kijerumani au Kiitaliano, na Kiswahili kimetengewa ukurasa mmoja wa mwisho, penye orodha fupi ya maneno ya sokoni na salamu moja. Makala haya yanachukua pwani inayoanzia Mtwapa, kupita Kilifi, Watamu na Malindi, hadi Mambrui na Ngomeni, eneo ambalo tangu mwaka 2013 limekuwa Kaunti ya Kilifi, na kuuliza swali moja: utambulisho huo ungekuwa na sura gani iwapo ungeandikwa kwa Kiswahili, kwa msafiri anayekisoma Kiswahili?

Msafiri huyo si wa kubuniwa. Anatoka Kakamega, Arusha, Kampala au Bukavu. Anaweza kushuka garimoshi la Nairobi kule Miritini, Mombasa, akapanda matatu ya Malindi na kusafiri kiasi cha kilomita 120 kuelekea kaskazini. Anaifahamu lugha, ila Pwani haifahamu. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu haumfai kitu, na kurasa zinazoutangulia hazikumkusudia.

Wala si kweli kwamba utanzu huu ni mgeni katika Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo Waswahili wenyewe wanasimulia nchi walizozitembelea. Mmoja wao, Salim bin Abakari, anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Zaidi ya karne moja iliyopita, kwa hiyo, Mswahili alikuwa anamweleza msomaji wake baridi ya Siberia kwa Kiswahili. Ni ajabu kidogo kwamba leo Mswahili anaelezwa Malindi kwa Kiitaliano.

Mtalii, msafiri na mgeni

Mwandishi wa utambulisho hana budi kwanza kuamua anamwita nani msomaji wake. Neno mtalii limezoeleka mno hata asili yake imesahaulika. Kitenzi kutalii kina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kusoma au kuchunguza kwa makini. Maana ya kutembelea nchi kwa ajili ya kuiona ilijengwa juu ya hiyo. Kwa mujibu wa asili hiyo, mtalii ni mtu anayejifunza. Katika matumizi ya kila siku ya Malindi, hata hivyo, mtalii ni Mzungu mwenye fedha, na Mkenya wa bara akivaa kaptura na kofia bado haitwi hivyo ila kwa mzaha.

Mgeni ni neno zito zaidi. Linabeba pamoja dhana tatu ambazo baadhi ya lugha huzitenga: mtu asiyejulikana, mtu wa nchi nyingine, na mtu anayekaribishwa nyumbani. Anayeandika kwa Kiswahili akimwita msomaji mgeni huwa amemtwika haki na wajibu kwa pigo moja. Haki ni kukirimiwa. Wajibu ni kubisha hodi, tena hadi mara tatu, na kuondoka bila kinyongo asipoitikiwa. Kijitabu kinachotangaza pwani kuwa "yako" kinaiondoa hodi hiyo.

Majina ya mahali

Utambulisho wa kawaida huyataja majina na kupita. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, majina ndiyo mlango. Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori la Kilifi, ni mnara na kiambishi cha mahali -ni; magofu ya msikiti na makaburi yaliyopo hapo yanalitosheleza jina. Msafiri anayevuka daraja la Kilifi, ambalo mwaka 1991 lilichukua nafasi ya feri, anapita karibu nayo bila kujua. Watamu huelezwa na wenyeji kuwa ni "watu watamu", maelezo yanayopendeza masikioni, ijapokuwa mwanaisimu atayapokea kwa tahadhari.

Mto mmoja una majina matatu. Nyanda za juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, na unapokaribia bahari kaskazini mwa Malindi unakuwa Sabaki. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Nyakati za mvua Sabaki hushusha udongo mwingi kutoka bara, na maji ya ufuo wa Malindi hugeuka rangi ya hudhurungi. Picha za matangazo hazionyeshi hali hiyo, na wapo wageni wanaodhani bahari imechafuliwa. Anayejua kuwa Athi na Sabaki ni mto mmoja haelezwi mara mbili: mvua ya Ukambani inaonekana baharini.

Malindi nayo imewahi kutambulishwa na wageni mara nyingi kabla ya vijitabu vya leo. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpeleka twiga hadi China, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa vizuri hapo baada ya kutoelewana na Mombasa, akapata rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo inayohusishwa na safari hiyo ndiyo picha iliyoenea zaidi ya mji. Pana upungufu hapa. Mji unaoanza na nguzo ya Mreno huonekana kana kwamba ulizaliwa siku alipofika. Kilomita chache kusini kuna Gedi, mji wa mawe uliokaliwa na kisha kuhamwa, ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mambrui, ng'ambo ya Sabaki, kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Wareno walikuta biashara hii ikiendelea.

Jambo moja dogo halikosi kupendeza. Ngomeni, mbele kidogo ya Mambrui, Waitaliano walijenga majukwaa ya kurushia setilaiti yaitwayo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka hapo, nayo ikabatizwa Uhuru. Neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya elimu ya nyota kupitia kijiji cha wavuvi, na vijitabu vya wasafiri havilitaji.

Pepo na saa

Swali la kwanza la kila msafiri ni: niende lini? Miongozo hujibu kwa majina ya miezi na vipimo vya joto. Kiswahili kina jibu lenye maana zaidi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Joto ni kali, bahari hutulia. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, bahari huchafuka, na vyombo vidogo mara nyingi havitoki. Katikati kuna masika na vuli. Atakaye kutembea juu ya miamba ya Watamu au kuona ndege wa hori la Mida aulize pia habari za maji: yanajaa au yanapwa, ni bamvua au ni maji mafu? Siku za bamvua maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Maneno haya manne yanaweza kumwokoa mtu, na hayamo katika orodha ya ukurasa wa mwisho.

Saa ni mtego mwingine. Tiketi huweza kuandikwa 8.00 na kondakta akasema saa mbili. Wote wawili wako sahihi. Mkenya wa bara anaijua tofauti hii. Asiloelewa sana ni kwamba kwa hesabu ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Aliyealikwa maulidi au harusi "usiku wa Ijumaa" atarajiwe Alhamisi jioni. Wageni waliofika siku moja baada ya karamu ni wengi kuliko wanavyokiri.

Salamu

Hapa ndipo lugha inapoumia zaidi. Wimbo maarufu wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, bendi ya vijana wa pwani hii hii, uliieneza salamu ya "jambo" duniani kote. Wimbo hauna kosa; kosa ni la walioufanya kuwa kamusi. Hujambo ni kauli kanushi: huna jambo, yaani halikukupata neno. Jibu lake, sijambo, ni kanushi pia. Kiambishi kikidondoshwa, maana hupinduka na anayesalimiwa hana cha kukanusha. Ndiyo sababu "jambo" hujibiwa kwa "jambo" tu, na mazungumzo huishia hapo.

Matokeo yake ni kuzuka kwa Kiswahili cha pili, cha ufuoni, ambacho mwenyeji humwekea mgeni. Mwenyeji hamsemeshi mwenzake "hakuna matata". Humwambia si neno, au si kitu. Asubuhi wazee wa mjini husalimiana sabalkheri, jioni masalkheri, na Waislamu hutangulia kwa salamu ya amani. Shikamoo husikika na huitikiwa marahaba, ingawa haina mkazo ulio nao Tanzania. Baada ya hayo huulizwa hali ya nyumbani, watoto, safari. Mtu anayeuliza bei kabla ya haya amejitambulisha vibaya. Huko Malindi, mtoto humwamkua Mzungu kwa "ciao" kabla ya neno lolote la Kiswahili, kwa sababu ya makazi ya muda mrefu ya Waitaliano. Wauzaji wengi wa ufuoni wamejifunza Kiitaliano cha kutosha biashara bila kukanyaga darasa, na hili ni la kuwasifu. La kusikitisha ni kwamba ujirani huo haukuzaa wageni wengi wanaojua kusema sijambo.

Msafiri wa Tanzania naye atakutana na lahaja. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja miaka ya 1930, nacho Kiswahili cha Malindi kiko kati ya Kimvita na Kiamu. Akiambiwa "ndoo" asitafute ya maji, anaitwa. Mchele ni mtele, njia ni ndia.

Nazi, na jirani wa Kiswahili

Menyu za hoteli zina neno moja tu kwa tunda la mnazi. Kiswahili hulifuata tunda tangu utoto: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Anayetaka kunywa aagize dafu. Anayepewa koroma amepewa lisilofaa kwa kunywa wala kwa tui zito. Kutoka tui hupatikana wali, samaki wa kupaka na mbaazi za kuliwa na mahamri asubuhi.

Mgema naye hupanda mnazi kwa ajili ya tembo. Kwa Wagiriama kinywaji hicho ni uchi, na mwanafunzi aliyetoka bara akialikwa "uchi wa mnazi" huona haya pasipo sababu. Kichekesho hiki kinafundisha jambo kubwa: pwani hii si ya Waswahili peke yao. Wagiriama, Wachonyi, Wakauma na jamii nyingine za Mijikenda ndio wakazi wengi wa kaunti, na lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Utambulisho unaoishia ufuoni umeiacha nchi nzima nyuma ya barabara.

Vigango

Nyuma ya barabara hiyo kuna kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, ambayo kadhaa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Fungo ndiko Mekatilili wa Menza alikowalisha watu kiapo mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi ya Waingereza. Alihamishiwa magharibi ya Kenya akatoroka na kurudi kwa miguu, na mwaka 1914 serikali ikailipua kaya kwa baruti. Anayeingia kaya leo huongozwa na wazee, huvua viatu, na hachukui hata jani.

Kuchukua ndiko kunakoleta uchungu. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Hubaki mahali kiliposimikwa hata jamaa wakihama. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa usiku, vikauzwa katika maduka ya watalii, na kuishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani vikiitwa sanaa. Kimoja, kilichoibiwa mwaka 1985, kilirudishwa kwa familia yake mwaka 2007 baada ya watafiti kukitambua. Mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver yalitangaza kurudisha vingine 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Vilivyobaki nje ni vingi mno.

Biashara hiyo ilisaidiwa na maneno. Kwenye lebo ya duka kigango kiliitwa nguzo ya ukumbusho, kinyago au pambo, na kila moja ya majina hayo linanunulika. Kwa mwenye boma, kile ni koma, yaani mzee mwenyewe aliyesimama pale, anayemwagiwa tembo na kuambiwa habari za nyumbani. Mwandishi wa Kiswahili anayemtambulishia msafiri Kilifi analo neno koma tayari katika kamusi yake. Halina haja ya kutafsiriwa, na muuzaji hawezi kulibandika bei.