Kabla pesa ya samaki haijanunua hisa
Kongo haina soko la hisa, hivyo mfanyabiashara wa samaki wa Tchomia hutazama ng'ambo ya Ziwa Albert, kwenye soko la Kampala.

1. Usiguse pesa ya nyavu, ya mafuta ya injini wala ya karo.
2. Soma hesabu za miaka mitano: faida imetoka kwenye mauzo, au kampuni imeuza kiwanja?
3. Uliza leseni inaisha lini. Mkataba wa kampuni ya Umeme wa kusambaza umeme Uganda, wa miaka 20, uliisha 31 Machi 2025. Gawio nono halikuisogeza tarehe hiyo.
4. Piga hesabu kwa dola. Shilingi ya Uganda ikishuka, faida inaliwa njiani.
5. Anayekuja ufukweni na "faida ya uhakika", mwache apande pirogi yake.