Moshi wa Asubuhi wa Gari la Dizeli



Katika vijiji vingi gari moja tu ndilo linalotegemewa. Gari hilo hupeleka viazi sokoni. Hurudi na mbolea. Usiku humkimbiza mama mjamzito hospitali. Mara nyingi ni pikapu kuukuu ya dizeli, na kila asubuhi dereva anapoliwasha hutoa moshi. Watu hupita, hutazama, husema, "Gari limezeeka." Kisha kila mtu hushika njia yake.

Somo la leo linahusu moshi huo. Moshi unaotoka wakati wa kuwasha una rangi, una harufu, na una muda wake. Mtu anayeyatazama mambo hayo matatu na kuyaandika, anaweza kumweleza fundi ubovu uko upande gani. Asiyeyajua hulipa fedha za kufungua injini nzima, pengine kwa ajili ya kifaa kidogo kama kidole.

Injini ya dizeli huwakaje?

Neno dizeli limetokana na jina la mtu. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1858. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana kuwa inafanya kazi barabara.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Huwashaje basi? Chukua pampu ya baiskeli. Jaza tairi upesi upesi, kisha shika pampu kwa chini. Utaona ina moto. Hewa ikibanwa hupata joto.

Ndani ya injini mambo ni hayo hayo, ila kwa nguvu zaidi. Pistoni hupanda katika silinda na kuibana hewa mpaka ibaki katika nafasi ndogo, kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli nyepesi kama umande, nayo huwaka yenyewe.

Kwa hiyo injini hii inataka hewa ya kutosha. Inataka hewa hiyo ibanwe sana. Tena inataka dizeli inyunyizwe vizuri na kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, moshi hubadilika. Hubadilika pia kama kitu kisichotakiwa, yaani oili au maji, kimeingia mahali pa kuchomea mafuta. Asubuhi ndiyo saa ngumu, kwa sababu chuma kilicholala baridi hunyonya joto la hewa. Ndiyo maana ubovu mdogo hujionyesha asubuhi, na mchana hujificha.

Kabla ya kuwasha

Pima kwanza oili na maji. Gari lisimame mahali tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena na kutazama. Fungua rejeta uangalie maji. Fanya hivyo injini ikiwa baridi tu. Rejeta yenye moto ikifunguliwa, maji huruka na kuunguza uso wa mtu. Tazama chini ya gari pia. Je, kuna tone lolote ardhini?

Ukishajua hayo, mtu mmoja awashe na mwingine asimame nyuma, kando ya bomba la moshi. Asisimame mbele ya bomba. Asipeleke pua bomboni. Harufu itamfikia pale pale alipo.

Moshi mweupe

Huu ndio unaosumbua zaidi nyanda za juu, kama Njombe, Makete na Mbeya, hasa mwezi wa Juni na Julai wakati wa baridi kali. Lakini weupe ni wa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa sana kwa mfuko wa mwenye gari.

Weupe wa kwanza ni dizeli isiyoungua. Nozeli imeinyunyiza, lakini joto halikutosha, basi imetoka kama ukungu. Moshi huu hunuka dizeli mbichi na huwasha macho. Kwa kawaida injini huchechemea, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Baada ya dakika moja au mbili chuma hupata joto, injini hutulia, na moshi huisha.

Mara nyingi chanzo chake ni plagi za kupasha joto, ambazo mafundi wengi huziita hita. Ni vijiti vidogo vya umeme, kimoja katika kila silinda. Ukifungua swichi, taa ya manjano yenye alama ya waya uliojisokota huwaka mbele ya dereva. Maana yake hita zinapata moto. Dereva asubiri mpaka taa izime ndipo apige stata. Madereva wengi hawasubiri, kisha hulaumu gari.

Hita moja ikifa, silinda moja hukosa joto, nayo hutema moshi mweupe mpaka injini ichangamke. Zikifa zote, huenda gari lisiwake kabisa siku ya baridi. Fundi umeme anaweza kuzipima moja moja bila kufungua injini.

Hita zikiwa nzima, tazama betri. Betri dhaifu huzungusha injini polepole, hewa haibanwi kwa haraka, na joto hupotea. Baada ya betri, shuku dizeli yenye maji, au hewa iliyoingia katika bomba la mafuta. Mwisho kabisa shuku injini iliyochoka, ambayo ringi zake zimelika na haziwezi tena kubana hewa.

Si kila injini ya dizeli ina hita. Mashine nyingi za kusaga unga hazina. Huko tafuta ubovu katika mafuta, nozeli, na nguvu ya kubana.

Weupe wa pili ni mvuke wa maji. Haunuki dizeli. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi si ugonjwa, kwa maana hata pumzi ya ng'ombe huonekana asubuhi hiyo. Ugonjwa ni pale mvuke unapoendelea kutoka kwa wingi wakati injini imekwisha pata moto, huku maji ya rejeta yanapungua kila siku na chini ya gari hakuna tone. Maji hayo yanaingia ndani ya injini. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, ni dalili nyingine kwamba maji yamekutana na oili.

Hapa usiendelee kupiga stata kwa nguvu. Maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa katika silinda usiku, pistoni hugonga juu yake asubuhi, na chuma kinachoshika pistoni huweza kupinda. Gari lisiwashwe mpaka fundi afike.

Kama huna hakika ni weupe upi, weka kipande cha boksi nyuma ya bomba, umbali wa hatua moja, kwa muda mfupi. Maji yatalowesha boksi kisha yatakauka. Dizeli itaacha doa la mafuta na harufu yake.

Moshi wa buluu

Rangi yake ni ya buluu hafifu, na harufu yake ni ya oili iliyoungua. Injini inakula oili.

Hapa muda ndio shahidi. Kama moshi wa buluu hutoka kwa wingi wakati wa kuwasha tu, kisha ukaisha, yaelekea oili ilivuja polepole usiku kupitia raba ndogo za valvu, zile ambazo mafundi huziita sili. Gari hilo linaweza kuendelea na kazi ukiwa unapima oili kila asubuhi. Kama moshi hauishi, na unaongezeka gari linapopanda mlima, shuku ringi za pistoni. Kwa gari lenye tabo, shuku tabo pia. Lakini kabla ya yote rudi kwenye kijiti cha oili. Wako watu wanaojaza oili kupita alama ya juu wakidhani wanaitendea injini wema. Oili iliyozidi nayo huungua.

Moshi mweusi

Mweusi ni masizi. Dizeli ni nyingi kuliko hewa. Moshi mweusi kidogo mara tu injini inapowaka ni jambo la kawaida kwa magari ya zamani, maana pampu hutoa dizeli ya ziada wakati wa kuwasha. Ukiendelea, anza na chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu hulijaza upesi, na gari lililolala muda mrefu laweza kukutwa na kiota cha panya humo. Chujio likiwa safi, shuku nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima. Mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayofanya kazi. Dizeli hutoka kwa nguvu kiasi cha kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo kama tundu la sindano, ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Daftari la gari

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapoingia gereji. Tuseme chama cha ushirika cha kijiji kimoja kina pikapu. Moshi umezidi. Fundi wa mjini amelitazama gari mara moja na kusema injini ifunguliwe yote. Fedha zinazotakiwa ni karibu zote zilizowekwa kwa ajili ya mbolea. Dereva ana daftari, nalo linasema hivi:

"Jumatatu. Baridi kali. Moshi mweupe, dakika 2. Harufu ya dizeli. Injini inachechemea. Oili sawa. Maji sawa.

Jumanne. Baridi kali. Moshi mweupe, dakika 3. Oili sawa. Maji sawa.

Alhamisi. Baridi asubuhi, moshi mweupe, dakika 2. Gari lilizimwa sokoni saa 6 mchana, likawashwa saa 7. Hakuna moshi. Oili sawa. Maji sawa."

Kabla ya kutoa fedha, kamati inampeleka dereva kwa fundi mwingine, mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Lina moshi mweupe asubuhi, mzee. Tumeambiwa injini imekufa."

"Nani kasema imekufa? Mwezi huu umeongeza oili mara ngapi?"

"Sijaongeza. Nimeandika hapa."

"Na maji?"

"Hayapungui."

"Mchana je?"

"Mchana likiwa na moto, linawaka mara moja. Halina moshi."

Fundi anacheka kidogo. "Injini iliyokufa ringi ingekula oili. Gasketi ingekula maji. Hii haili kitu, inaona baridi tu. Nipe kipimo cha umeme."

Anapima hita nne. Mbili ni nzima, mbili zimekufa. Zinanunuliwa mpya, zinafungwa siku hiyo hiyo, na fedha za mbolea zinabaki.

Tazameni maswali ya mzee huyu. Yalimsaidia kabla hajashika spana. Fundi asiyeuliza swali hata moja, mwangalieni vizuri. Lakini pia fundi hawezi kupata jibu kwa dereva asiyekumbuka. Asubuhi zinafanana, na baada ya wiki mbili kichwa huchanganya siku ya moshi na siku isiyo na moshi.

Hatari za kuepuka

Usiwashe moto wa kuni chini ya injini ili kuipasha. Magari yameteketea kwa njia hiyo. Usipulize dawa ya kuwashia katika bomba la hewa la injini yenye hita. Dawa hiyo hulipuka upesi, na hita zenye moto zaweza kuilipua kabla ya wakati.

Tena usiache gari linanguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kama moshi hauonekani. Ndani yake mna gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Basi mashine ya kusaga ielekeze bomba lake nje, mbali na mahali wanapopanga foleni akina mama na watoto.

Maswali

1. Kwa nini pampu ya baiskeli hupata moto? Jambo hilo linahusianaje na injini ya dizeli?

2. Gari la jirani hutoa moshi mweupe hata baada ya kwenda mwendo wa nusu saa. Maji ya rejeta hupungua na chini hakuna tone. Utamshauri nini? Je, aliwashe kesho asubuhi?

3. Gari hutoa moshi wa buluu wakati wa kuwasha tu. Dereva apime nini kila siku?

4. Chagueni gari moja au mashine moja ya kusaga hapa kijijini. Kwa siku 7 andikeni katika daftari: siku, hali ya hewa, rangi ya moshi, harufu, dakika, oili na maji. Wiki ijayo mmoja wenu atasoma daftari hilo mbele ya darasa, na dereva au mwendesha mashine aalikwe kusikiliza.