FUNDISHO: MENO YENYE MADOA

Wamama wengi wanauliza: "Meno ya mutoto wangu iko na madoa ya kahawia. Nifanye nini yawe meupe?"

Sababu: Doa la chai ao tumbako linakaa juu ya jino. Lakini karibu na volkano Nyiragongo, maji ya sehemu nyingi iko na fluori nyingi. Mutoto akiyakunywa wakati meno ingali inajengwa ndani ya ufizi, doa linaingia katika jino lenyewe. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi fluori.

Musifanye hivi: Kusugua na muchanga, majivu, makaa, ndimu wala maji ya javeli. Vinakula ganda gumu la jino, na lile halioti tena. Kisha jino linauma.

Mufanye hivi:
1. Kupiga muswaki laini asubuhi na usiku. Kwa mutoto mudogo, dawa ya meno kidogo sawa punje ya muchele, asiimeze.
2. Kwenda kwa munganga wa meno. Doa la juu atalisafisha. La ndani atalipima kwanza, ndipo achague dawa. Dawa ya kufanya meno meupe, mwenye mimba aingojee mpaka azae.

Mutoto akichekwa, mumwambie: jino lenye doa linatafuna, jino lililokwanguliwa linalia.