Dondoo muhimu: Punguza msongamano kwenye menyu ya Start

Kabla ya kupanga, ondoa. Kwenye Windows 11, bofya ikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha soma vizuri: "Unpin from Start" huibandua ikoni tu, programu ikabaki, "Uninstall" huing'oa programu yenyewe. Michezo ya majaribio iliyokuja na kompyuta, ing'oe bila huruma. Programu ya printa usiiguse, hata kama huifungui kamwe.

Zinazobaki, buruta ikoni moja juu ya nyingine. Folda itajiunda, nawe uipe jina ambalo kila mtu nyumbani atalielewa: "Shule", "Picha", "Hesabu za duka". Ukiwa na haraka, bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi mbili tatu za jina la programu, itatokea.