Jina Jema na Mali Nyingi

Somo: Mithali 22:1

William A. Clark alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1839. Katika ujana wake alifundisha shule huko Missouri. Kisha akaenda Montana kutafuta dhahabu. Huko alifanya biashara, akafungua benki, na mwisho akawa tajiri mkubwa wa migodi ya shaba.

Siku zile maseneta hawakuchaguliwa na wananchi, bali na bunge la kila jimbo. Mwaka 1899 bunge la Montana lilimchagua Clark. Kamati ya Seneti ikachunguza, ikaona kwamba wabunge walihongwa, naye akajiuzulu mwaka 1900. Baadaye alichaguliwa tena, akatumikia kipindi kimoja tu, 1901 hadi 1907. Mwaka 1913 Katiba ilibadilishwa, wananchi wakachague maseneta wao wenyewe. Kashfa za namna hii zilichangia badiliko hilo.

Ndugu Wakristo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Clark alifariki mwaka 1925 akiwa na mali nyingi, lakini hongo ile bado inatajwa pamoja na jina lake.

Swali la kujadiliana: Tunapochagua wazee wa kanisa, tunatazama tabia ya mtu, au ukubwa wa sadaka yake?