Kufundisha Misingi ya Sheria ya Biashara: Tuanzie Sokoni

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ambaye huenda akatakiwa kuwaeleza wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi maana ya mkataba, haki ya mnunuzi na wajibu wa muuzaji. Wanachuo wengi wakilisikia neno "sheria" huingiwa na hofu, wakidhani kwamba jambo hilo ni la mahakimu na mawakili peke yao. Sisi tunaofundisha huku Mara tumeona kuwa hofu hiyo haina sababu. Mtoto wa Musoma aliyetumwa Mwigobero kununua dagaa huwa amekwisha kuigusa sheria ya biashara kabla hajarudi nyumbani. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha alichokifanya.

Hata hivyo, mwalimu hana budi kuijua sheria yenyewe, walau kwa muhtasari, kabla hajaingia darasani. Sheria kuu ya jambo hili huku Tanzania Bara ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961, na sehemu yake kubwa ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia hapa kwetu kabla ya hapo. Karibu nayo ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni mwaka 1931. Kwa muda mrefu sheria hizi zilisomwa kwa Kiingereza tu, na mwalimu wa shule ya msingi aliweza kusema kwamba lugha yake ilimfungia mlango. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, udhuru huo umepungua nguvu.

Kiini cha somo zima kimo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba. Kwa maneno yetu wenyewe, kifungu hicho kinasema kwamba makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kufanya mkataba, kwa badala iliyo halali na kwa lengo lililo halali. Neno "badala" tunalitumia hapa kwa maana ya kile ambacho kila upande unatoa, au unaahidi kutoa, ili upate cha mwenzake: fedha kwa dagaa, kazi kwa ujira. Mwanachuo akiyashika mambo haya manne, amepata nguzo za kujengea vipindi kadhaa.

Tazama kwamba karatasi haikutajwa. Kila mwaka tunapowauliza wanachuo wapya mkataba ni nini, wengi hujibu kuwa ni karatasi yenye sahihi na mhuri. Mhuri hasa ndio wanaoupenda! Kwa kweli makubaliano mengi ya kila siku ni mikataba kamili ingawa yametamkwa kwa mdomo tu. Maandishi husaidia kuthibitisha yaliyosemwa, na yako mambo ambayo sheria huyataka yaandikwe, lakini mwanafunzi asiachwe aamini kwamba ahadi isiyoandikwa haimfungi mtu.

Kipindi cha kwanza kiwe soko. Mwalimu alete vitu halisi: fungu la dagaa, nyanya, mizani ikiwezekana, na vipande vya karatasi vya kuwa fedha za mchezo. Wanafunzi wawili waje mbele, mmoja auze na mwingine anunue, nao wengine wasikilize na kunyosha mkono pale wanapodhani mkataba umepatikana. Hapo hutokea ubishi mzuri. Baadhi watanyosha mikono muuzaji anapotaja bei. Wengine watasubiri mpaka fedha zitoke mfukoni. Mwalimu asiharakishe kuumaliza ubishi huo, kwa maana ndio somo lenyewe. Awaongoze kuona kwamba kwanza mtu hutoa pendekezo, na mwenzake hulikubali lilivyo. Mnunuzi akisema, "Punguza," hajakubali; ametoa pendekezo jipya. Mkataba hupatikana pale mmoja anaposema, "Haya, chukua," na mwenzake anaafiki, hata kama fedha hazijatoka.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama bidhaa zilizopangwa mezani pamoja na bei zake ni pendekezo. Mahakama za Uingereza zimelijibu swali hili, mathalani katika shauri la Fisher v Bell la mwaka 1961, lililohusu kisu kilichowekwa dirishani mwa duka huko Bristol: kuonyesha bidhaa na bei yake ni kumkaribisha mteja tu, na mteja ndiye anayetoa pendekezo. Darasa la Sita halina haja ya kulijua jina la shauri hilo. Latosha waelewe kwamba mwenye meza hajalazimika kumwuzia kila anayepita.

Kipindi cha pili kihusu uwezo. Kifungu cha 11 kinataka mtu awe ametimiza umri wa utu uzima, yaani miaka 18, na awe na akili timamu. Ukilisema hilo mbele ya watoto wa miaka kumi na miwili, utaona nyuso zikikunjamana, kwa maana jana tu walinunua chumvi na mafuta ya taa. Je, walivunja sheria? La. Mtoto aliyetumwa na mama yake ni mjumbe wa mama, au kwa lugha ya sheria, wakala wake. Mkataba ni kati ya mama na mwenye duka. Maelezo haya huwafurahisha sana wanafunzi, nayo huwafundisha jambo la uwakala bila ya kulitaja kwa jina kubwa. Aidha waelezwe kwa nini sheria imeweka mpaka huo: mkopeshaji asije akamfunga mtoto kwa deni.

Sasa tufike kwenye ridhaa, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Katika shule moja kando ya barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, tulipokuwa tukifundisha kipindi cha mfano mbele ya wanachuo, msichana mmoja wa Darasa la Saba alisimama akauliza: "Mwalimu, bibi yangu hajui kusoma. Mnunuzi wa pamba alimletea karatasi, akamwambia ni ya kuandikisha jina, bibi akaweka dole gumba. Baadaye akaambiwa ameuza pamba yote kabla ya mavuno. Huo ni mkataba?" Sisi, kwa kuogopa kipindi kisituponyoke, tulijibu upesi kwamba aliyeweka dole gumba amefungwa. Msichana akaketi. Hakunyosha mkono tena siku ile.

Jibu letu halikuwa sahihi, na lilikuwa zito zaidi kwa sababu lilikwenda nyumbani pamoja na mtoto. Kifungu cha 14 kinasema ridhaa si huru ikiwa imepatikana kwa kulazimishwa, kwa ushawishi usio wa haki, kwa udanganyifu, kwa maelezo yasiyo ya kweli au kwa makosa. Kwa kifungu cha 19, mkataba uliopatikana kwa udanganyifu waweza kukataliwa na yule aliyedanganywa. Hiari ni yake, si ya mdanganyaji. Kwa hiyo, jibu la haki lingeanza kwa maswali. Nani alimsomea bibi karatasi ile? Kwa lugha gani, Kiswahili au lugha ya nyumbani? Aliambiwa ina nini? Nani alikuwapo akasikia? Ni kweli kwamba sahihi au dole gumba kwa kawaida humfunga aliyeliweka, wala mtu hawezi kuukimbia mkataba kwa kusema tu kwamba hakuusoma. Lakini kutosoma ni jambo moja, na kuambiwa uongo juu ya kilichoandikwa ni jambo jingine kabisa.

Juma lililofuata tulirudi katika shule ile, tukaomba dakika kumi kwa mwalimu wa darasa, tukalisahihisha jibu letu mbele ya wote. Tulimweleza pia msichana kwamba bibi yake aende na shahidi kwa viongozi wa kijiji, na ikibidi atafute msaada wa kisheria. Hatukuambiwa mwisho wa jambo lile. Tangu hapo, katika mazoezi ya kufundisha, tunawataka wanachuo watumie maneno haya bila aibu: "Swali lako ni zito, nitalichunguza na kulijibu kesho." Kisha kesho walijibu kweli.

Kwa nguzo ya nne, lengo halali, wakazi wa Mara wana zana ambayo mikoa mingine inaweza kutuonea wivu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko Mwitongo mwaka 1999, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Tulipowapeleka wanachuo Butiama, tuliwasimulia kisa hicho chini ya mti, kisha tukawaomba waamue shauri kwa kifungu cha 10. Antonio ni mtu mzima mwenye akili timamu. Ameridhia mwenyewe. Mkopo umetolewa, kwa hiyo badala ipo. Kilichobaki ni sharti la Shylock: fedha zisiporudi kwa wakati, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Wanachuo walibishana karibu saa nzima. Kifungu cha 23 cha sheria yetu kinaharamisha makubaliano ambayo ndani yake mna kumdhuru mtu mwingine mwilini au katika mali yake. Hakimu wa Musoma asingehitaji hila ya Portia juu ya damu. Angelifuta sharti lile asubuhi na kuendelea na shauri jingine. Mkopo, hata hivyo, ungebaki kuwa deni, na hilo wanafunzi hulisahau.

Juu ya mizani na vipimo hatutasema mengi, kwa sababu walimu wa hesabu hulifanya jambo hilo vizuri. Itoshe kukumbusha kwamba manung'uniko ya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa dhidi ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyouzaa ushirika wao katika miaka ya 1950, na kwamba lumbesa bado ni tatizo ingawa imekatazwa. Mwalimu aweza pia kulitaja sharti la sampuli katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa: dagaa walio chini ya gunia wafanane na wale walioonyeshwa juu, na mnunuzi apewe nafasi ya kuwatazama.

Mwanachuo ajaribu maswali yafuatayo pamoja na wenzake kabla ya kuandaa azimio la somo. Mvuvi ameahidi kumpa jirani sangara mmoja bure siku ya Jumamosi, kisha akamwuza kwa mtu mwingine. Je, jirani aweza kudai? Mtoto wa miaka 15 amekopeshwa baiskeli mjini Bunda na ameilipia nusu ya bei. Ni nani anayedaiwa, na kwa nini? Mzee amekubali kuuza ng'ombe wake akiwa amelewa sana, na asubuhi anakana. Utawauliza nini mashahidi? Swali la mwisho lisijibiwe kwa haraka, na wanachuo wanaotoka vijijini wapewe nafasi ya kusema kwanza.